Kikombe cha Babu Popo

Kwenye kundi lile la brekidansi, Pini hakuwa mchezaji wa kutisha. Alikuwa fundi cherehani, mwembamba, pini zimemjaa kwenye ukosi wa blauzi, ndiyo maana wakamwita hivyo. Lakini sikio alikuwa nalo. Kwa hiyo kuchagua muziki wa mazoezi ilikuwa kazi yake, na hakuna aliyeiingilia, hata Feni, kiongozi wao, ambaye akisimama kwa kichwa na kuanza kuzunguka ungetafuta swichi ya kumzima.

Mazoezi yalifanyika stoo, nyuma ya karakana ya mjomba wake Pini, seremala. Walitandika mbao nyembamba sakafuni, wakaweka spika kubwa kwenye kona. Tatizo lilikuwa ukuta, wa mbao nao. Upande wa pili alipanga mlinzi wa usiku, mzee aliyekuwa akikesha kwenye geti la ghala la saruji na kulala mchana. Vijana wakambatiza Babu Popo, kwa siri lakini, maana adabu bado walikuwa nayo.

Siku ya kwanza tu walipofungulia muziki, mzee alitoka na fulana yake ya kulalia, macho mekundu. Wote wakajiandaa kutukanwa. Wapi! Alimwita Pini peke yake, akamwingiza chumbani kwake, akamwonyesha kikombe cha bati chenye mfuniko juu ya stuli. Spika ilipodunda huko stoo, mfuniko ule ulicheza kuliko hata Feni.

"Mjukuu wangu, mimi sikatazi ujana," alisema. "Ila kikombe kikilala, na mimi nalala."

Wakakubaliana. Kabla ya saa kumi jioni, ni nyimbo za kikombe kulala. Baada ya hapo yeye ameshaamka, wapige watakacho. Akampa Pini kikombe chenyewe. Pini akakiweka kwenye benchi lililoegemea ukuta, na kila wimbo mpya ulipita kwanza mbele ya kikombe. Mfuniko ukitikisika, wimbo unasubiri jioni. Wenzake walimtania kwamba sasa wana jaji wa bati, lakini walifuata, na siku zikaenda vizuri.

Mpaka mashindano yalipokaribia. Waliokuwa na vibarua wakaomba ruhusa, mazoezi yakawa ya kutwa nzima. Feni akaja na wimbo wa ngoma nzito, unaokatika ghafla katikati, kimya kabisa, kisha unarudi kwa kishindo. Kuganda hewani pale pale wimbo unapokatika kunataka kurudia na kurudia. Kwa zile nyimbo laini, alilalamika Feni, kila mtu anacheza kama anatafuta sindano iliyodondoka.

Pini akauweka. Mfuniko ukaruka, ukaanguka chini. Wote wakamtazama yeye. Na yeye, tusidanganyane, ushindi alikuwa anautaka; hata suruali za siku hiyo alishawashonea. Akaokota mfuniko, akakifunika kikombe, akakisukuma chini ya benchi.

"Babu Popo ameshazoea," alisema, na watu wakacheka.

Basi wakaupiga asubuhi, wakaupiga mchana. Kila siku Pini alijiambia kesho atashusha sauti. Mzee hakugonga ukuta hata mara moja, na Pini akalishika hilo kama ruhusa: angekuwa anaumia, si angesema? Mara moja walikutana bombani. Pini akampa shikamoo, mzee akaitika marahaba, akasema anaona wameongeza bidii. Ndoo yake ilikuwa imeshajaa na maji yanamwagikia miguu, wala hakuona. Pini akajibu kwamba ni kidogo tu, Babu, akaondoka mbio kama aliyeacha maziwa jikoni.

Habari aliileta mjomba. Alikuwa anapiga randa, hakuinua hata kichwa. Akasema jirani yao kafukuzwa kazi. Meneja alifika juzi alfajiri akamkuta kitini, amelala fofofo. Mzee wa watu, tangu aajiriwe hajawahi kusinzia kazini, mjomba akasikitika; sijui ndio uzee, au ni nini. Pini alikuwa anakula. Akalirudisha tonge sahanini. Yeye alijua ni nini. Alijua mpaka jina la wimbo.

Mchana ule ule akarudisha nyimbo laini, na kikombe juu ya benchi. Feni akaja juu: mashindano ni kesho, huyu amerukwa na akili? Pini, kwa aibu, akauanzisha tu wimbo mwingine laini. Wakacheza wamenuna.

Mara mlango ukasukumwa. Mzee huyo, shati safi, stuli mkononi. Mzee akapokea salamu, akaketi, akatazama wimbo mmoja mpaka mwisho, kisha akauliza mbona wanacheza na vitu vya kubembelezea watoto.

"Wekeni ule wa ngoma nzito," alisema. "Naujua wote, ila sijawahi kuona unavyochezwa. Na msiwe na wasiwasi, siku hizi nalala usiku kama watu."

Feni na wenzake, ambao hawakuwa na habari, walicheka. Pini akaenda kuchuchumaa mbele ya stuli, machozi yanamlengalenga.

"Babu, kikombe nilikitoa mimi."

"Najua. Ukuta huu unapitisha pande zote mbili. Nilikusikia ukisema nimeshazoea."

Kumbe hata lile jina alilisikia. Pini alitamani ardhi ipasuke immeze. Akauliza kwa nini basi hakugonga ukuta.

"Si tulikuwa tumekubaliana?" alisema mzee. "Kila siku nilisema, leo amesahau, kesho atakumbuka."

Hakuyasema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Pini. Angefokewa, labda angepumua kidogo. Mzee akamwonyesha spika kwa kidevu. Pini akainuka, akauweka ule wimbo.

Ngoma ikadunda. Juu ya benchi mfuniko ukaanza kulia. Feni akazunguka, na mzee akawa anafuatisha kwa mguu. Kisha akainua mkono juu, wakati ngoma bado inavuma, na kimya kikaja hapo hapo. Feni akaganda. Mzee akasubiri, akaushusha mkono, na ngoma ikarudi pamoja nao. Hakukosea hata kidogo. Aliujua kama anavyoujua mtu aliyelala chali akiusikiliza mchana kutwa, macho wazi.

Ulipoisha, akaomba urudiwe. Pini akaurudia.