Malaika wa Jicho Moja

Uvumi ulianzia kwa mlinzi wa geti jeusi, ukapita kwa muuza mkaa, ukamfikia Wudnesh akiwa anachambua dengu: kwamba Gashe Worku, yule mzee aliyerudi kutoka Uswidi, atamlipia karo mtoto mmoja wa mtaa huo, yule ambaye kadi yake ya mwaka mpya itampendeza kuliko zote. Wudnesh alijiambia ni maneno ya watu wasio na kazi. Lakini yalimganda kama kupe. Akipika, yapo. Akisali, yapo. Wiki mbili kabla ya Meskerem, mwezi unaofungua mwaka mpya wa Kiethiopia, akasalimu amri.

"Yitbarek, lete hizo rangi."

Mwanawe wa miaka tisa alikuwa sakafuni, akichora malaika kwa mkono kama wavulana wote wa Addis Ababa, ili asubuhi ya sikukuu wapite mlango kwa mlango, watoe kadi, wapewe sarafu na kipande cha mkate.

"Huyu malaika au bata?" mama akauliza.

"Malaika. Ila ameshiba."

"Gashe Worku ameona majumba ya Ulaya, wewe umpelekee bata aliyeshiba?"

Akachukua picha ya eksirei ya kifua cha mumewe, akailoweka kwenye dawa ya kung'arisha nguo mpaka mbavu zikafutika, akaanza kuikata kwa wembe apate stenseli, kiolezo cha kupitishia rangi. Mabawa yakatoka vizuri. Joho likatoka. Uso ukamshinda: kila alipokata macho mawili na pua katikati, pua ilidondoka. Alipoona wembe unaisha makali, akaugeuza uso upande. Pua moja pembeni, jicho moja, kazi kwisha.

"Mama, mbona anatazama pembeni?"

"Anatazama baraka zinakotokea."

"Na mimi nifanye nini?"

"Wewe kausha."

Kwa kipande cha godoro akagonga rangi, kadi arobaini, malaika arobaini waliofanana kama mayai. Jirani yake Askale alipoingia kunywa kahawa, Wudnesh alizifunika zote kwa shuka.

"Nionyeshe basi, Mama Yitbarek."

"Utaziona siku yenyewe. Mtoto hapendi kuchunguliwa. Mikono yake hiyo, Mungu amempa."

Mtoto alikuwa kando, akipuliza rangi ikauke.

Asubuhi ya sikukuu Yitbarek alivaa nguo nyeupe akaondoka. Buli la kahawa lilikuwa halijachemka mara ya pili, Askale akaingia naye, shela kichwani.

"Mama Yitbarek, ndiyo nini kutuletea shetani siku ya sikukuu?"

"Shetani gani? Huyo malaika!"

"Ana macho mangapi?"

Wudnesh akahesabu. Haikuchukua muda. Tangu abatizwe alikuwa akisimama kila Jumapili mbele ya michoro ya kanisani, na hata mtoto mchanga anajua kwamba watakatifu hututazama kwa macho mawili. Wanaoonyeshwa ubavu, jicho moja, ni mashetani na Yuda na jamaa zao. Alijua yote hayo. Ila pua ilimsahaulisha.

"Bibi wa kwenye kona ameimwagia yake maji ya baraka," Askale akaendelea. "Rangi imechuruzika, sasa anatisha zaidi."

"Na Gashe Worku?" Wudnesh akauliza.

"Amecheka," Yitbarek akajibu. "Ameuliza nani amechora. Nikasema mama."

"Ukasema nini?"

"Ulisema tusiseme uongo siku ya sikukuu."

"Na karo je?"

"Nimemuuliza. Akasema, karo gani? Yeye alimuuliza mlinzi wake shule iko wapi, kwa sababu kelele za watoto zinamkatiza usingizi wa mchana."

Askale alicheka mpaka akatafuta kigoda.

Shetani hawezi kuachwa mlangoni mwa mtu mwaka mzima. Wudnesh akamwambia mwanawe akazikusanye kadi zote.

"Ni zako, mama. Nenda wewe."

Hakusema kwa jeuri, na hilo ndilo lililomuuma. Akaenda mwenyewe, mtu mzima, mlango kwa mlango, na kila nyumba ikampa kipande cha mkate. "Heri ya mwaka mpya, mwanangu! Jinsi ulivyokua!" Aliporudi, Yitbarek alikuwa kizingitini akiwatazama wenzake wakigawana vyao. Akamnyooshea mkate. Mtoto akatikisa kichwa: hakuufanyia kazi.

Ya kuepuka sikukuu ikikaribia:

Kuamini habari bila kumuuliza mwenyewe.
Kumnyang'anya mtoto brashi.
Kumsifia mtoto kwa kazi ambayo hakuifanya.
Kuwaficha majirani kitu ambacho wao ndio watakaokipokea.
Kukata uso ukiwa na haraka.
Kutia rangi nyingi kwenye karatasi nyepesi. Hujikunja.