Mbegu ya Nyamburi

Pelagia alipanda bodaboda kutoka Mugango hadi Butiama akiwa amefura kwa hasira, na aliyemkasirikia zaidi ni yeye mwenyewe, ndiyo maana hasira haikuisha njiani.

Misimu mitatu viwavijeshi walimtafunia mahindi hadi akachoka kuwalaani. Ndipo kaka yake Clever akamletea mbegu kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari, iliyobadilishwa vinasaba, isiyoguswa na mdudu. Akaipanda kando ya mahindi ya marehemu mama mkwe wake, Nyamburi, yale meupe yanayovumilia jua. Akavuna, watoto wakala wakasaza. Akachagua mahindi yaliyonona kutoka pande zote mbili za shamba, akayaning'iniza juu ya mafiga yapigwe moshi, kama nyumba yao ilivyofanya siku zote, na kila ndugu aliyeomba mbegu akapewa. Kwao kumnyima mtu mbegu ni aibu.

Kilichomponza ni mdomo. Alijisifu mkutanoni kwamba hakununua dawa hata tone. Kesho yake bwana shamba Apolinary alikuwa jikoni kwake, macho juu kwenye mahindi yaliyoning'inia. Akamweleza kwa upole, jambo lililomuudhi zaidi, kwamba mbegu ile haijaruhusiwa nchini, na kwa kuwa chavua huchukuliwa na upepo, hata mahindi ya Nyamburi hayaaminiki tena. Yachomwe yote kabla ya Ijumaa, na awataje aliowagawia. Pelagia akamuuliza alikuwa wapi viwavi walipokuwa wakimmaliza.

Likabaki tumaini moja: wifi yake Gaudensia. Miaka miwili nyuma, kabla ya mchanganyiko huo, Nyamburi alimpa binti yake huyo kikapu cha mbegu. Pelagia akipata hata vibaba viwili, atakuwa na cha kupanda mvua ikinyesha.

Gaudensia alimpokea kwa vigelegele, akamzungusha shambani kwanza. Kwao mvua ilitangulia. Mahindi yalifika kiunoni, na hakuna jani lililotobolewa.

"Ndiyo yale uliyonitumia," alisema. "Nilikuwaga naamka alfajiri kuwamwagia wadudu majivu. Saa hii nalala."

Pelagia hakujua acheke au alie. Alikuja kuomba mbegu, na sasa ameona shamba jingine la kuchomwa, tena zuri kuliko lake. Waliporudi ndani wakatengewa ugali na sato. Ndipo akauliza kikapu cha mama kiko wapi.

"Yale mahindi? Nimeyasaga juzi, wifi. Ningeyaweka ya nini, na wewe umenipa mazuri? Ndiyo huo ugali unaokula."

Pelagia aliutazama ugali. Ulikuwa mweupe, na ulinukia moshi kwa mbali. Alitaka kugomba, lakini agombe na nani, wakati mbegu iliyomlaghai wifi yake aliifunga kwenye kitambaa kwa mikono yake mwenyewe? Akamega tonge. Ulikuwa mtamu. Akala mpaka sahani ikabaki tupu, na Gaudensia akafurahi kwamba mgeni wake ameshiba.