Wageni Wasio na Neno

Mume wangu Masele alistaafu mwaka ule chama cha ushirika kilipoishiwa nguvu. Miaka ishirini na sita alishinda kwenye ghala la pamba, kazi yake kutumbukiza mkono ndani ya gunia na kusema hii safi, hii fifi, yaani ya daraja la pili. Likaja soko huria, kila mwenye mizani na lori akawa mnunuzi, na vijana wa kampuni hawakuwa na haja na mkono wa mzee. Mimi niliaga wodi ya wazazi pale Bariadi mwaka uliofuata. Tukabaki wawili ndani ya nyumba, tunatazamana hadi tunachokana.

Kilichotuokoa ni baiskeli. Mtoto wetu wa pekee, Marcelo, alitutumia mbili kutoka Dar es Salaam, za mtumba, zenye gia na matairi manene. Nadhani alizituma ili asije mwenyewe. Masele akazipaka mafuta, akaniambia, "Mektilda, maisha yangu yote nimekaa ghalani. Nataka kuiona nchi." Nikamwona kama amechanganyikiwa. Kwetu mtu mzima hapandi baiskeli kwenda kuiona nchi. Anapanda kwenda kuuza kitu, kuuguza, au kuzika. Lakini na mimi nilikuwa nimechoka kukaa. Nikatafuta suruali mnadani, nikajifunga khanga juu yake ili wanawake wa jumuiya wasije wakazimia, tukatoka.

Niseme ukweli, maana uongo utakuja wenyewe baadaye: nilipenda. Tulifuata njia za ng'ombe zinazokata mashamba, nyembamba, ngumu kama sakafu wakati wa kiangazi. Pamba ilikuwa imepasuka kila upande. Tukifika kwenye milima ya mawe tunaziegemeza baiskeli, tunapanda kwa miguu, Masele mbele akihema, kila baada ya hatua ishirini anasimama na kusema, "Ona, Mektilda," na mimi naona. Nilirudi nyumbani magoti yakiuma, nikalala usingizi ambao sikuulala miaka yote ya zamu za usiku.

Mlima tulioupenda kuliko yote uko upande wa Nkololo, na mji ulio chini yake ni wa mzee Mahona: nyumba nne, zizi, na kisima chenye maji matamu. Mara ya kwanza tuliingia kuomba maji tu. "Mwadila," tukasalimu, wakaitikia vizuri, tukaletewa vigoda. Binti yao Milembe, wa miaka kama kumi na tisa, akapiga magoti na kutupa maji kwenye kibuyu. Masele akasifia kisima, akasifia ng'ombe, akauliza habari za mvua. Hakuna aliyetuuliza tumefuata nini, na sisi hatukusema. Tukashukuru, tukaondoka.

Sasa yeyote aliyekulia Usukumani anajua nilichokiona pale. Wazee wawili, mume na mke, wamevaa vizuri, wametoka mbali, wanaingia kwenye mji wenye binti na hawasemi walichokuja nacho. Wenye neno hawalitoi siku ya kwanza, na mwenyeji mwenye adabu haulizi. Anangoja. Mimi mwenyewe niliposwa hivyo kwetu Shishiyu. Wazazi wa Masele walikuja mara tatu kusifia mbuzi wa baba, na mara ya nne wakasema. Masele hakuyajua haya vizuri. Alikulia Binza kwa baba mdogo mwenye duka, na siku za posa yake alikuwa akicheza mpira. Akili yake ilikuwa mlimani. Yangu ilikuwa pale pale uani, macho yamefunguka.

Mara ya pili walituchinjia kuku. Nilimwona Nyanjige, mke wa Mahona, akimkimbiza jogoo nyuma ya ghala la mtama, na moyo ukaniambia, sema sasa. Sikusema. Ulikuwa mwaka sasa hakuna mtu aliyenikimbizia jogoo. Wodini nilikuwa sista Mektilda, akina mama wakinishika mkono wakilia. Baada ya kustaafu nikawa bibi fulani mwenye suruali. Pale Nkololo nilipewa kigoda chenye egemeo, nikawekewa firigisi kwenye sahani yangu, nikaangaliwa kama mtu anayesubiriwa. Nikala. Ilikuwa tamu, na aibu yake ninayo mpaka leo.

Mara ya tatu Masele alipanda mlima peke yake, mimi nikasema kifundo kinaniuma. Hakikuwa kinauma. Nilikaa na Milembe kibarazani tukimenya karanga. Alikuwa binti mpole, wa maneno machache, vidole vyake vyepesi. Akaiangalia baiskeli yangu muda mrefu, kisha akauliza bila kuinua kichwa, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, nikija kwako, utanifundisha kuendesha?"

Hakusema nikija kukutembelea. Alisema nikija kwako, na sote wawili tulijua maana yake. Ndani ya mkoba wangu ilikuwemo barua ya Marcelo, ya wiki ile, akinieleza kwamba anaishi na mwanamke anaitwa Precious na mtoto yuko njiani. Nilikuwa nimeshaisoma mara mbili.

"Nitakufundisha," nikasema.

Sikumwonea huruma wakati ule, nilijionea huruma mwenyewe. Nilitamani binti wa namna ile ndani ya nyumba yangu, nikajipa hata kwa nusu saa. Yeye akatabasamu, akaendelea kumenya.

Mwezi mmoja baadaye tairi la Masele likatoboka njia panda ya kwenda Nkololo, tukakokota hadi kwa Jilala, fundi baiskeli. Jilala alitupokea kwa heshima ambayo hakuwa nayo kabla. Akitafuta tundu kwenye beseni la maji akasema, "Hongereni wazee. Mzee Mahona kawangojea sana."

"Katungojea nini?" Masele akauliza.

"Si lile jambo lenu la Milembe. Alikuwapo kijana mmoja wa kwa Ndaki, anaitwa Sayi, ng'ombe wanne walishaingia zizini. Mahona kawarudisha. Kasema amepata wakwe wa Bariadi, watu wenye pensheni, wanaokuja wenyewe kwa baiskeli za gia. Akina Ndaki wakawapeleka ng'ombe kwingine wiki ile ile. Harusi ya Sayi ni baada ya mavuno."

Masele alicheka kidogo, akidhani ni utani. Kisha nikaona kicheko kinamtoka usoni taratibu. "Mektilda," akasema, "ni sisi?"

"Ni sisi."

Alikaa chini kwenye gogo la Jilala, kofia mkononi. Mzee wa watu, nilimwonea uchungu. Hajawahi kuiita fifi pamba iliyo safi hata alipotishwa. Tairi lilipopona hakutaka kurudi nyumbani. "Twende leo hii tukawaeleze," akasema. Njiani, kwa mara ya kwanza, hakuangalia milima. Alisimamisha baiskeli, akanigeukia. "Wewe ulijua?"

"Nilihisi-hisi," nikajibu. Huo ulikuwa uongo wa kwanza wa siku ile, mdogo. Akaukubali kwa sababu ananiamini.

Tulimkuta Mahona anafunga kamba za jembe la ng'ombe. Vigoda vikaja upesi, Nyanjige akajifuta mikono, Milembe akaleta maji na kupiga magoti. Nadhani walidhani siku imefika. Masele hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, kwa Kisukuma, ili asieleweke vibaya. Kwamba tulikuja kwa ajili ya mlima na maji. Kwamba hatuna kijana wa kuoa. Kwamba kosa ni lake, mwanaume mzima asiyejua desturi za kwao, na anaomba radhi.

Mahona alisikiliza hadi mwisho. Hakupandisha sauti. "Mlima," akasema, kama mtu anayeonja neno. Kisha akanigeukia mimi. "Mzee mwenzangu namwelewa. Wanaume tunapotea. Lakini wewe, mama, ni mtu wa Shishiyu. Huyu mtoto alituambia ulimwahidi. Alisema umemwambia akija kwako utamfundisha baiskeli. Kwa neno hilo ndipo nikarudisha ng'ombe za watu. Ulisema au hukusema?"

Masele akaniangalia. Katika miaka yetu thelathini na tatu hajawahi kuniangalia vile, akiwa na hakika kabisa ya jibu langu.

"Sikusema," nikasema.

Nyanjige akaguna. Mahona akamgeukia binti yake taratibu, na pale ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Kama mimi sikusema, basi yeye ndiye aliyesema uongo. Amefanya kijana wa watu akataliwe kwa hadithi ya kujitungia, amemwaibisha baba yake kwa akina Ndaki. Kwetu binti akishaitwa mwongo, nani tena atampeleka ng'ombe?

Nilikuwa bado na nafasi. Neno moja tu lilitosha. Milembe alikuwa amepiga magoti bado, kibuyu mikononi, akinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane. Alinisubiri. Ninajua alinisubiri.

Kisha akainamisha kichwa. "Ni mimi niliyeongeza, baba," akasema.

Mahona alisema hana la kuzungumza na sisi tena, na akamwambia binti atusindikize hadi njiani, maana mgeni ni mgeni hata akikuharibia. Masele alitangulia na baiskeli yake, mabega yameanguka. Milembe aliikokota yangu. Tulipofika kwenye kichaka cha minyaa, mbali na masikio ya watu, nilimshika mkono. "Milembe, mwanangu, nisamehe. Nilisema. Ninajua nilisema."

Akauondoa mkono wake, bila hasira, akanikabidhi usukani.

"Mimi pia ninajua, mayu," akasema. "Kamwambie baba."

Akasimama pembeni ya njia akingoja nigeuke nirudi. Mji ulikuwa hatua mia mbili tu. Nilimwona Mahona uani, ameinamia kamba zake. Mbele Masele aliniita, akiuliza kama kifundo kinanisumbua.

"Hapana," nikamjibu, nikapanda baiskeli, nikamfuata.