Utando Ndani ya Mchanga

Kila Jumamosi asubuhi akina mama wa kanisa dogo la Utange waliutoa mchanga wote katika tangi la kuchujia maji ya kisima, wakausugua kwa sabuni ya unga na kuuanika juu ya turubai mpaka ukawa mweupe. Tangi lilikuwa karibu na mlango wa kanisa, na siku lilipozinduliwa liliombewa. Kuacha utelezi ndani yake hadi Jumapili kungekuwa aibu mbele ya wageni.

Lynnette, aliyekuwa akisomea uhandisi wa maji chuoni, alikuja kuwaomba waache kuuosha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia waja kutufundisha uchafu," alijibu Kache, mkuu wa zamu ya usafi, na wenzake wakacheka. Mgongoni alikuwa amembeba Sarah, mjukuu wake mchanga aliyefiwa na mama, ambaye alilelewa kwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji ya kisima cha hapo kanisani.

Lynnette aliifungua kompyuta yake juu ya benchi, akaeleza taratibu. Maji ya kisima yalionekana safi, lakini vyoo vya shimo vilivyokizunguka vilikuwa vimeyatia nitrati, chumvi isiyoonekana wala kusikika ulimini, ambayo kwa mtoto mchanga huizuia damu kubeba hewa. Kuyachemsha hakukufaa kitu, kwa kuwa maji yakipungua sufuriani chumvi ile huzidi. Kilichoweza kuiondoa ni ule utelezi wenyewe, yaani vijidudu vinavyojenga utando juu ya chembe za mchanga na kuila nitrati maji yanapopita katikati. Kwenye kioo cha kompyuta, katika mfano wa tangi alioutengeneza, chembe zilikuwa za kijivu. Rangi ya kijani ya utando ikazizunguka polepole, na kadiri ilivyoenea ndivyo mstari wa nitrati ulivyoshuka.

"Na hao wadudu wako," Roseline, mmoja wa akina mama wale, alimuuliza, "wataka pia kupikiwa?"

"Wanakula makumbi ya nazi, mama. Nitayaweka chini ya mchanga."

"Basi wana heri. Mume wangu makumbi hayataki."

Kache hakucheka. Alikuwa akiikumbuka midomo ya Sarah, ambayo siku nyingine iligeuka rangi ya zambarau, naye akadhani ni baridi.

"Tutauacha," alisema. "Mchungaji akiuliza, nitajibu mimi."

Wakauacha. Utelezi ukaota, wageni wa Jumapili wakakunja nyuso, na Kache akawajibu mmoja mmoja. Vipimo vya Lynnette vikashuka kama kompyuta ilivyotabiri, na midomo ya mtoto ikarudia rangi yake.

Kisha masika yakaingia. Vyoo vilifurika, na kisima kikapokea uchafu ambao Lynnette hakuwa ameuingiza katika hesabu zake, kwani alikuwa amepima wakati wa kiangazi tu. Maadamu mvua ilinyesha, Kache alikinga maji ya paa la kanisa kwa mapipa kwa ajili ya Sarah. Mvua ilipokoma, maji ya mapipa yalikwisha upesi, na bomba la tangi, lililokuwa likidondosha matone tu, likakauka kabisa.

Jumamosi iliyofuata akina mama walimngojea Lynnette wakiwa na mabeseni yao.

"Tuoshe ama tuache?" Kache aliuliza.

"Mkiosha, maji yatatoka pamoja na nitrati yake. Mkiacha, hayatatoka. Vijidudu vya juu vimeshiba uchafu, vimezaana upesi na kuziba nafasi zote baina ya chembe. Wale wanaokula nitrati wako chini, na hao hukua polepole mno."

"Basi tukwangue huko juu peke yake," alisema Roseline.

"Nimelijaribu hilo kwenye kompyuta, mama. Hewa hupenya hadi chini, na wale wa chini wakipata hewa huiacha nitrati. Nimejaribu mchanga mnene, mchanga mwembamba, tangi refu, matangi mawili. Yote huishia palepale. Ardhi imekwisha kuunywa uchafu wa vyoo, na itaendelea kukilisha kisima hiki miaka mingi."

"Na maji ya kununua ya mkokoteni?" aliuliza Kache. "Ya chupa siyamudu."

"Nimeyapima. Yachotwa kwenye visima vya mtaa wa nyuma. Ni mabaya zaidi."

Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimwia zito. Roseline alisema angalau bomba litoke, watu wazima wapate ya kufulia, akapiga magoti akaanza kuuchota mchanga. Wengine wakamfuata.

Sarah alianza kulia kwa njaa. Kache alimfungua mgongoni, akamtazama Lynnette kana kwamba bado lipo neno ambalo msichana huyo alilisahau.

"Hakuna jingine, mwanangu?"

"Hakuna, shangazi."

"Haya. Nishikie, nikamchotee maji ya maziwa."

Lynnette akampokea. Mtoto alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani, naye akanyamaza, akaishika kola ya blauzi yake. Ndoo iligonga ukingo wa kisima mara moja, ikashuka.