Baa Iliyobaki Kwenye Mashine

Ukitaka kujua mimi ni bahili wa kiasi gani, ingia dukani kwangu uangalie. Nauza magodoro, mito na mashuka, lakini kaunta ni ya baa, viti vya wateja ni vile virefu vya baa, na kalamu zangu zinakaa ndani ya glasi ya bia yenye maandishi mekundu: Mkesha Baa. Baa yenyewe niliifunga miaka mingi iliyopita. Vitu vyake nikavibakiza, kwa sababu kitu kikiwa kizima, na ni changu, mkono wangu hauna nguvu ya kukitupa.

Mke wangu nilimpata kwenye kaunta hiyohiyo, alipokuwa akija kumchukua baba yake. Mzee alikuwa mteja wangu mwaminifu, na wa kwanza mtaani kulipia bia kwa kadi. Alipofariki, daktari alisema ni presha, mama mkwe akasema ni Mkesha. Baa niliifunga baada ya mazishi. Watu niliwaambia ni kwa heshima ya marehemu. Ukweli ni kwamba bila yeye mauzo yalishuka karibu nusu.

Tangu hapo mama mkwe, ambaye ni mwalimu mkuu wa shule ya bweni, hakuwahi kunywa hata maji kwangu. Akija kuwaona wajukuu, anakuja na chupa yake ndani ya mkoba. Hanitukani, hanisemi. Anafungua chupa, anakunywa, anaifunga. Heri angenitukana.

Kwa hiyo siku mke wangu aliponiambia mama yake anatafuta magodoro sitini ya bweni jipya, na kwamba amekubali kuja kuyaangalia kwangu, nilipiga deki duka zima kwa mkono wangu mwenyewe. Kodi ya pango ilikuwa imenikaba, sikatai, na oda ile ingenitoa. Lakini zaidi ya pesa nilitaka jambo moja: yule mama atoke dukani kwangu akiniona mtu.

Akaja. Alibonyeza kila godoro kwa kidole kama anayesahihisha madaftari, akauliza bei, akaishusha, akaishusha tena. Tukapatana. Akatoa kadi ya shule.

Hapa lazima niseme kidogo kuhusu mashine ya kadi. Afisa wa benki aliyeniletea, enzi za baa, alinieleza vizuri. Kadi ikiguswa pale, mashine inaiuliza benki yangu, na benki yangu inaiuliza benki ya mteja kama pesa zipo na kama zinaruhusiwa kutoka. Katika kuuliza huko inataja anayeomba ni nani na anafanya biashara gani. Jibu linarudi kabla hujamaliza kupiga chafya. Pesa zenyewe zinafuata baadaye, benki zikishamalizana na kila mmoja akishakata chake. Katika maelezo yote hayo mimi nilishika neno "kukata" tu, nikanuna. Nilipogeuza baa kuwa duka, benki ilinitaka nikabadilishe usajili, kwa ada. Nikasema mashine inafanya kazi, kadi zinapita, ada ya nini? Mara mojamoja alirudi mteja analalamika kwamba mkewe amesoma Mkesha Baa kwenye meseji ya benki. Nilimwambia akamwonyeshe godoro, kisha nikacheka mpaka mbavu zikaniuma.

Mashine ikalia, ikaandika: imekataliwa. Nikajaribu tena. Imekataliwa. Nikaifuta kadi kwenye shati langu, nikajaribu mara ya tatu, mashine ikashikilia msimamo wake.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini mpakiaji wangu alikuwa amesimama mlangoni, ndani kulikuwa na wateja wengine, nami nikaona nimepata nafasi ya kuonekana mkarimu.

"Mama, usione haya," nikasema kwa sauti yangu ya zamani ya kaunta. "Kuishiwa ni kwa kila mtu. Chukua magodoro, mtalipa mkipata."

Mimi huyo, ambaye ndugu yangu wa tumbo moja nilimnyima mto kwa mkopo.

Mama mkwe alinitazama juu ya miwani yake. Kisha akatoa simu, akapiga benki ya shule, akaweka spika, maana mwalimu hapendi jambo lisilo na mashahidi. Dada aliyepokea alikuwa na sauti safi kabisa. Akasema salio lipo na kadi ni nzima.

"Ila kadi hii, mama, bodi yenu ya shule iliifungia baa na kumbi za starehe. Na ombi hili limetoka baa."

"Mimi niko kwenye duka la magodoro."

"Sisi huku tunaona Mkesha Baa, mama."

Mpakiaji akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Mimi nilikuwa naomba ardhi ipasuke inimeze, na ardhi haikuwa na haraka. Mama mkwe akakata simu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Jina hilo nilikuwa nalisoma kila mwisho wa mwezi," akasema, "kwenye karatasi za benki za marehemu. Mstari huu, na unaofuata, na unaofuata. Nilidhani nimeshalisoma mara ya mwisho."

Nikamwambia baa niliifunga zamani, imebaki kwenye mashine tu.

"Basi hujaifunga," akasema, akachukua mkoba wake akaondoka.

Nyumbani mke wangu aliniuliza ada ya kubadilisha usajili ilikuwa kiasi gani. Nikamtajia. Ilikuwa sawa na bei ya mito miwili. Alinitazama sana, halafu akaniuliza kama niongezewe mboga, kwa upole wa kutisha. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona maishani. Baba yake nilimgeuza mauzo alipokuwa hai, na alipokufa nikaliacha jina lililomuumiza mkewe liendelee kutembea benki kwa benki, kisa bei ya mito.

Kulipokucha nilikuwa wa kwanza mlangoni pa benki. Nililipa ada bila kuomba punguzo, na mhudumu akaniandikia risiti huku mimi nikimwambia magodoro, andika magodoro, mpaka akaniuliza kama najisikia vizuri. Waliniambia ni siku chache, zikawa siku chache za kibenki. Mashine ilipokuwa tayari nikamtumia mama mkwe ujumbe kwamba nimeifunga. Akajibu: "Nitaona."

Alikuja kuona kweli. Alinunua mto mmoja tu kwa kadi ya shule. Mashine ikawaza, ikakubali. Mto hakuugusa. Alisubiri meseji ya benki iingie kwenye simu yake, akarekebisha miwani, akaisoma kwa sauti, neno moja moja: Duka la Magodoro na Mito. Akairudia kimyakimya. Kisha akalipia magodoro yote sitini na kumwambia mpakiaji apakie.

Kulikuwa na joto. Akakaa kwenye kimoja cha vile viti virefu, akafungua mkoba, akaitazama chupa yake, akaufunga tena.

"Mkwe, nipatie maji ya kunywa."

Nusura nilie. Nilikimbilia nyuma ya kaunta, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba dukani kwangu hakuna kikombe. Kulikuwa na glasi za Mkesha, katoni nzima, niliyoibakiza pamoja na vingine. Nikachukua moja, nikaisugua maandishi kwa kidole gumba, kwa ufunguo, kwa mate. Rangi ilikuwa imara. Enzi za baa ndicho kitu pekee nilichokilipia bei kamili. Nikajaza maji, nikampelekea huku kiganja changu kimefunika jina.

Akaipokea, na kiganja changu hakikuweza kwenda nayo. Akayatazama maandishi. Mpakiaji naye akasimama na godoro kichwani. Mama mkwe akanywa maji yote, taratibu, mpaka tone la mwisho, akaiweka glasi juu ya kaunta na kuigeuza jina linitazame mimi.

"Na hii," akasema, "ada yake ni kiasi gani?"