Mwangalizi wa Gaolathe

Kwa miaka miwili nilisimama kando ya kaka yangu kila Jumamosi asubuhi, na sikutambua kwamba alikuwa akipofuka.

Gaolathe alikuwa mpima ardhi mstaafu, na droni yake ndogo ndiyo pekee iliyomtoa nyumbani. Kanuni za klabu yetu ya Gaborone zilikuwa wazi: usirushe juu ya watu, usikaribie uwanja wa ndege, na mrushaji aione droni yake kwa macho yake mwenyewe wakati wote. Mwangalizi humsaidia tu. Hawezi kuona kwa niaba yake. Mwangalizi wake nilikuwa mimi.

"Haya, profesa, iko wapi?" alikuwa akinitania. "Au huko chuo kikuu hawafundishi kushoto na kulia?"

"Kushoto, juu ya tangi la maji. Inua shingo, mzee, acha uvivu!"

Nilidhani ananipima. Kumbe alikuwa akiuliza.

Asubuhi moja ya Agosti, maharusi walikuja ukingoni mwa uwanja kupigwa picha, wapambe wakiimba. Niligeuka kuwatazama. Mma Seitshiro, mama mwenyekiti wetu, ndiye aliyeona droni ikishuka kuwaelekea.

"Rra Gaolathe!" aliita, kwa "Rra" ile ya heshima, yaani Bwana. "Droni yako iko wapi?"

Kaka alinyoosha kidole. "Si ile pale?"

Alikuwa akituonyesha mwewe.

"Hiyo itakutagia mayai, Rra!" mwenzetu mmoja alipaza sauti, na watu wakaangua kicheko. Kaka naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo. Nilimpokonya rimoti nikaitua droni majanini, hatua chache kutoka kwa bibi harusi.

Mma Seitshiro hakucheka. "Tangu lini, Rra?"

"Tangu mvua za mwaka juzi. Ningesema, mngenizuia kurusha. Na mngekuwa na haki." Kisha akanigeukia. "Ulikuwa unaniangalizia vizuri, mdogo wangu."

Daktari alisema ni presha ya macho: tungewahi, sehemu kubwa ingeokolewa; iliyopotea hairudi. Kazi yangu ni kuwafundisha vijana kusoma yale ambayo mwandishi hakuyasema. Ya kaka yangu niliyajibu kwa utani.

Wiki hiyohiyo Gaolathe alirudisha kadi yake ya uanachama. Siku hizi hatembei bila kushikwa mkono, na ikifika Jumamosi hataki kwenda popote.