Alama Ishirini za Thaddeus Rourke

Nilimwonea kijicho Meredith Talcott tangu mwezi wake wa kwanza katika ofisi yetu ya waendesha mashtaka, na sioni haya kusema. Miaka kumi na moja mimi ndiye niliyeendesha mashauri ya kuwapangia madaraja wabakaji wanaotoka gerezani: nakusanya karatasi, najumlisha alama za hatari ya mtu kurudia kosa, nasimama mbele ya jaji. Meredith hakumaliza hata miezi minne, bosi wetu, Pruitt, akamkabidhi kazi hiyo, kisa anaongea vizuri. Mimi nikaambiwa niwe nampitia karatasi zake kabla hazijaenda mahakamani. Yaani nimfulie nguo, avae yeye.

Wivu haumlazi mtu kitandani. Unakula, unacheka, unamletea mwenzako kahawa asubuhi ya theluji, na roho inakuuma vilevile.

Jalada la Thaddeus Rourke lilinifikia Jumatatu. Alimbaka Lorna Kuzniar, aliyekuwa mpangaji wa mama yake, akafungwa miaka tisa, na sasa alikuwa anarudi kwa mama yake huyo, mitaa miwili kutoka anapoishi Lorna. Meredith alimpa alama themanini na tano. Zikizidi sabini ni daraja la pili: picha na anwani vinawekwa hadharani. Zikiwa sabini au chini ya hapo ni daraja la kwanza, na habari zake zinabaki polisi. Lorna alituomba kitu kimoja tu, majirani wajue.

Alama ishirini kati ya hizo zilitokana na Rourke kumshikashika askari jela wa kike. Meredith aliitaja taarifa ya gereza, lakini karatasi yenyewe hakuiambatisha. Na jaji wetu hahesabu asichokiona.

Pengo lile nililiona kabla kahawa yangu haijapoa. Nikawaza, acha ajikwae mara moja tu. Jaji ataahirisha, karatasi itapelekwa, na Pruitt atajua nani anaijua kazi. Nikatia sahihi kwamba nimekagua, nikamrudishia.

"Dada Roz," akaniambia, "bila wewe ningeshaumbuka hapa."

Nikacheka naye.

Alhamisi wakili wa Rourke akasimama, akauliza ushahidi wa zile alama ishirini uko wapi. Meredith akapekua, akapekua tena, kisha akaomba shauri liahirishwe. Jaji akamkumbusha kwamba limeshaahirishwa mara mbili, zote kwa maombi ya ofisi yetu. Meredith akanigeukia. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Jaji akatoa ishirini. Zikabaki sitini na tano, daraja la kwanza. Mama yake Rourke akalia kwa furaha.

Jioni ile Pruitt akanirudishia kazi yangu. Meredith hakunitaja kwa ubaya. Alisema kosa ni lake peke yake, na sahihi yangu ya ukaguzi hakuna aliyeiulizia. Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi hadi nikanunua mkate wa nyama nikaula peke yangu ndani ya gari, huku nauacha mchuzi unidondokee kotini.

Kesho yake Lorna akaja mezani kwangu, kwa kuwa sasa jalada lilikuwa langu. Hakugomba. Alivua glavu, akakaa, akauliza kama ile karatasi kweli ipo.

"Ipo," nikasema.

"Basi si muipeleke?"

Nikamweleza kwamba shauri limeshafungwa, na hata kwenye rufaa hatuwezi kuingiza karatasi ambayo jaji hakuiona. Alisikiliza kwa makini, kama mtu anayeelekezwa njia.

"Kwa hiyo hawezi kupandishwa daraja tena?"

Sheria hiyo naijua kwa moyo. Hakuna ofisini anayeijua kunizidi.

"Anaweza, mama. Lakini mpaka afanye kosa jipya."

Lorna akaniangalia.

"Amfanyie nani?"